Vali ya Pumzi Isifunguliwe kwa Kubahatisha



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya nyumba za kazi. Twaandika juu ya kitu kidogo cha shaba na mpira, kinachoenea katika kiganja cha mkono, ambacho ndugu zetu wazamiaji hukiita regulata. Wengi wenu mlio kwenye njia ya reli, karakana na bohari hamjapata kukishika. Lakini fomu imeletwa gatini, na fomu hiyo yatuhusu sote, maana jambo likikubaliwa kwa mzamiaji leo, kesho litaletwa kwa fundi wa breki na kwa mtu wa winchi.

Habari yenyewe ni hii. Kontrakta mmoja wa kazi za gati kando ya Ziwa Victoria, ambaye jina lake hatulitaji, ameajiri vibarua wazamiaji. Kazi yao ni kuteremka majini kukagua nguzo za gati, kukata gugu maji na nyavu zilizojisokota katika propela za meli, na kutafuta vyuma vilivyodondoka. Si watu wengi, na kwa kuwa ni vibarua, hakuna aliyezoea kuwahesabu. Mwezi uliopita kila mmoja alipewa fomu ya kutia sahihi. Fomu yasema kwamba kuanzia sasa kila mzamiaji ataitunza regulata yake nyumbani, ataifungua, ataisafisha na kuirekebisha mwenyewe, na atalipwa posho ndogo kila mwezi kwa ajili hiyo. Mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo kuliko mingine yote, wasema kwamba chombo kikiharibika majini, lawama ni juu ya mzamiaji.

Wengine wameshatia sahihi. Hatuwacheki. Kibarua aliyewekewa karatasi mezani na kalamu mkononi, na nyuma yake kuna watu kumi wanaongoja kazi ile ile, hana nafasi ya kusoma herufi ndogo.

Watatu kati ya wazamiaji hao ni watu wa Birongo, huko Kisii, ambako mtoto hujifunza kupanda mlima muda mrefu kabla ya kujua kuogelea. Walijifunza kuzamia Kisumu, kwa ajili ya kazi. Wakipata mapumziko hupanda matatu, wakapita Ahero, Sondu na Oyugis mpaka mji wa Kisii, kisha Birongo, na regulata imo mfukoni pamoja na sukari na sabuni ya mama. Tulikwenda kuwatembelea Jumapili moja, wajumbe wawili wa halmashauri ya tawi, tukachukua mtungi mdogo na geji tuliyoazima kwa fundi mmoja, ili tuone kwa macho yetu hiyo kazi ya nyumbani ni kazi gani.

Tuliona meza ya mbao, gazeti kuukuu limetandikwa juu yake, bisibisi mbili, spana ya kurekebisha, mswaki, bakuli la siki, na kopo la girisi ya pikipiki. Oringi, yaani zile pete za mpira zinazozuia hewa kupenya, zilikuwa zimenunuliwa katika duka la mabomba ya maji. Mafunzo yao yalikuwa picha za simu, na lugha ya picha hizo ni ya Kiingereza cha haraka sana. Vijana wenyewe ni watu safi, wenye mikono mizuri. Twasema hivyo kwa kuwa wako watakaosoma makala haya wakidhani twawadharau. Fundi aliyewahi kushika vali za breki ataona upesi kijana mwenye mkono wa ufundi, na wale wanao.

Mzee wa nyumba alituletea chai, akakaa, akatazama ile meza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ninyi watu wa Chama, nawauliza. Kitu hiki ni cha kijana wangu au ni cha tajiri wake? Kama ni cha kijana, mbona hawezi kukiuza? Na kama ni cha tajiri, mbona kinalala kwangu?"

Hatukuwa na la kumjibu, na swali lile ndilo lililotufanya tuandike.

Kwanza tueleze chombo chenyewe, maana mtu asiyejua kinavyofanya kazi hawezi kujua kinadaiwa nini. Mtungi wa mzamiaji hujazwa hewa mpaka bar 200 hivi. Hewa ya breki katika bomba la garimoshi ni karibu bar 5, nanyi mmeona jinsi mpira wa kuunganisha mabehewa unavyochapa ukiachia ghafla. Basi fikirini mara arobaini ya hapo, ikiwa mgongoni mwa mtu. Regulata huishusha nguvu hiyo mara mbili. Hatua ya kwanza, iliyofungwa juu ya mtungi, huishusha mpaka bar 9 au 10 kuzidi nguvu ya maji yaliyomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, ile inayoumwa kwa meno, huishusha tena mpaka ilingane na maji yenyewe, na hutoa hewa pale tu mtu avutapo pumzi. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Mtu akivuta, kiwambo hubonyea, husukuma wenzo mdogo, wenzo hufungua vali, hewa huingia. Akiacha kuvuta, springi huirudisha vali mahali pake. Pumzi anayoitoa hupitia kiwambo kingine chembamba, kinachofunguka upande mmoja tu.

Watu wa breki mtalielewa jambo moja hapa upesi kuliko wengine. Breki ya hewa ya treni imeundwa ili bomba likipasuka, treni isimame yenyewe. Aliyeiunda alijua kuwa vitu huharibika, akachagua viharibike kwa upande gani. Regulata nayo ni vivyo hivyo. Hatua ya kwanza ikianza kuvuja ndani, nguvu ya hewa hupanda katika mpira, na hatua ya pili hufunguka na kumwaga hewa badala ya kuikata. Mzamiaji apate hewa nyingi mno kuliko akose kabisa. Lakini hiyo ni kwa chombo kilichokaa kama kilivyotengenezwa. Mtu akikaza na kulegeza bila kujua, aweza kuuondoa ulinzi huo kwa bisibisi moja.

Wala chombo hiki hakikuanza kama mchezo wa matajiri wa kutazama samaki, ijapokuwa ndivyo wanavyokijua watu wengi wa mahoteli ya pwani. Mmoja wa waliokianzisha ni Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi huko Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1860 alitafuta namna ya kumpa pumzi mtu anayeingia shimoni kuwaokoa wachimbaji palipojaa hewa mbaya. Ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, akashirikiana naye kukipeleka chini ya maji. Kisha mwaka 1943, wakati wa vita, mhandisi Émile Gagnan na ofisa Jacques Cousteau wakatengeneza namna iliyozaa hizi tunazoziona leo. Naye Gagnan aliitoa katika vali aliyoiunda kwa ajili ya magari yaliyokuwa yakiendeshwa kwa gesi, petroli ilipoadimika. Ni kitu kilichotoka migodini na katika karakana.

Sasa turudi kwenye ile meza ya Birongo. Kijana mmoja alitwambia regulata yake ilikuwa ikitoa sauti ya kufuka, ssss, hata asipovuta. Akaifungua hatua ya pili, akaikaza springi kidogo kidogo mpaka sauti ikakoma. Alifurahi, na nani asingefurahi? Tukaifunga kwenye mtungi wetu na kuunganisha geji. Sindano ikasimama kwenye bar 9 na nusu. Kisha, pasipo mtu kuigusa, ikaanza kupanda polepole: 10, 10 na nusu, 11. Tukanywa chai, tukaitazama tena, imepita 12.

Maana yake ni kwamba ugonjwa haukuwa katika hatua ya pili hata kidogo. Kikalio cha vali katika hatua ya kwanza kilikuwa kimechakaa, hewa ya mtungi ikawa inapenya. Ile sauti ya kufuka ilikuwa ndiyo kengele. Yeye alimfunga mgonjwa mdomo. Na sasa, kwa kuwa springi imekazwa, mzamiaji huyo atavuta kwa shida, hasa akiwa chini akifanya kazi nzito ya kukata na kuvuta. Anayevuta kwa shida hatoi pumzi chafu yote. Humjaa, kichwa humuuma, moyo humwenda mbio, hofu humshika. Hofu ndiyo inayoua watu majini. Nayo hatua ya kwanza, ikizidi kuchakaa, itaishinda ile springi siku moja na kumwaga hewa yote ya mtungi katika dakika chache.

Kuna wasemao kwamba maji ya gatini si marefu, kwa hiyo hakuna hatari. Twawaomba waache kusema hivyo mbele ya vijana. Mtu aliye mita 10 chini ya maji ya ziwa letu, akijazwa hofu, akazuia pumzi na kupanda mbio, hewa iliyo kifuani mwake hutanuka mara mbili na zaidi kabla hajafika juu. Mapafu hayavumilii hilo. Hata mita chache zatosha kumdhuru mtu.

Je, basi, mzamiaji asiiguse regulata yake nyumbani? Sivyo tusemavyo. Hapa hatukubaliani na wale mabwana wasemao kila kitu aachiwe mtaalamu. Mzamiaji asiyejua kuitunza regulata yake na kuipima hawezi kusema "leo sishuki" na kutoa sababu. Iko kazi ya kila siku ambayo ni ya mtumiaji mwenyewe, na ni vyema tuitaje kwa urefu, maana kule gatini hakuna aliyewafundisha.

Baada ya kazi, regulata ioshwe kwa maji safi. Watu hudanganyika kwamba kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi, hakuna haja. Ni kweli chumvi ya Mombasa hula shaba upesi, lakini ghuba ya Kisumu ina tope laini na mabaki ya gugu maji, na chembe moja tu ikikaa chini ya kiwambo cha kutolea pumzi, maji huingia mdomoni. Kwa jambo hili Birongo ina heri kuliko gatini: maji ya chemchemi ni safi. Kabla ya kuosha, kifuniko cha vumbi kikaushwe na kufungwa barabara kwenye mdomo wa hatua ya kwanza. Wakati regulata imelala majini bila mtungi, kile kitufe cha kupulizia kisibonyezwe kamwe, kwa kuwa kukibonyeza ni kufungua vali, na maji hupanda katika mpira mpaka hatua ya kwanza yakakaa humo na kuozesha. Wengi hukibonyeza wakidhani wanasafisha zaidi. Kisha ianikwe kivulini. Jua kali hukausha mpira. Isianikwe jikoni juu ya moshi wa kuni, wala isiachwe sakafuni usiku, maana panya wa Kisii hawabagui mpira wa kupumulia na mpira wa baiskeli. Mipira isikunjwe kwa nguvu. Itazamwe pale inapoingia katika chuma, ndipo inapoanza kupasuka. Na ule mpira wa mdomoni utazamwe kama umetoboka kwa meno, na kama kamba yake ya kufungia bado ipo.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji geji wala fedha. Kabla ya kuunganisha mtungi, kifuniko cha vumbi kikiwa kimefungwa, mtu atie mdomoni avute. Hewa isije hata kidogo. Ikija, basi kiwambo kimetoboka au kile cha kutolea hakikai sawa, na palipopita hewa leo majini patapita maji. Kipimo hiki huchukua muda wa kusema jina lako, nasi twataka kila mzamiaji akifanye kila asubuhi.

Tena kuna chujio dogo la chuma pale hewa inapoingilia. Halihitaji kufunguliwa ili lisomwe. Latazamwa tu kwa tochi. Likiwa la kijani, maji yameingia na shaba inaoza. Likiwa jekundu au la kahawia, kutu inatoka ndani ya mtungi, na mtungi ndio unaohitaji kukaguliwa. Likiwa jeusi, hewa yenyewe ni chafu, yaani kompresa inayojaza mitungi imechoka au machujio yake yamekwisha. Kompresa nayo ina hila yake: ikinyonya hewa karibu na bomba la moshi la injini yake yenyewe, mzamiaji hupewa sumu isiyo na harufu. Regulata bora kuliko zote duniani haitamsaidia huyo.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Kuifungua hatua ya kwanza si ya nyumbani. Kwanza, hakuna atakayejua kama ameirudisha sawa bila geji, na tumeeleza geji ilisema nini pale ambapo sikio lilisema kila kitu ni kizuri. Pili, vipuri. Oringi ya duka la mabomba yafanana kwa macho na ile ya kweli, lakini ugumu wake na unene wake si ule ule, na mbele ya bar 200 tofauti ya unywele hutosha. Watengenezaji wengi hawauzi vipuri vya ndani ila kwa mafundi waliofunzwa nao. Wengi wao hutaka chombo kikaguliwe kila mwaka. Tatu, girisi. Girisi ya pikipiki na Vaselini hutokana na petroli. Huharibu mipira mingi, huvuta uchafu, na palipo na oksijeni nyingi zaweza kushika moto. Iliyo halali ni ya silikoni, kidogo tu, na kwenye hewa iliyoongezwa oksijeni hata hiyo haifai, iko ya namna yake. Nne, usafi wa vitu vya ndani. Ukwaruzo mmoja wa bisibisi pale vali inapokaa, chombo kizima kimekwisha. Na lililo kubwa kuliko hayo: mtu asilegeze parafujo yoyote huku mtungi umefunguliwa. Tumeona kijana akifanya hivyo "kidogo tu, nisikie." Hewa ya bar 200 yaweza kurusha kipande cha shaba kama risasi.

Tumeambiwa na mmoja wa wakubwa wa kule gatini kwamba Ulaya na Marekani watu hutengeneza regulata zao wenyewe nyumbani, na hawafi. Ni kweli wapo, na wengine ni hodari sana. Lakini hao wana geji zao, vipuri vyao, vitabu vya kazi, na siku nzima ya kutulia. Tena huzamia kwa kupenda. Mtu wa namna hiyo akiona sindano yapanda, huiweka regulata kabatini akaenda kula. Kibarua wetu sindano ikipanda saa moja asubuhi, meli inangoja, nyapara anaita, na ujira ni wa siku. Kufananisha watu hawa wawili si haki.

Na tusisahau wazamiaji ni watu wa namna gani kwetu sisi wa ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye, matumaini yalipokuwa yamekwisha, wazamiaji walisikia dalili za uhai ndani ya chombo kilichopinduka, wakamtoa hai fundi wa injini, mfanyakazi kama sisi, aliyekuwa amebaki mahali penye hewa. Mtu yule aliokolewa na watu waliotegemea vali zao. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakapotea, na wazamiaji wakaja kutoka mpaka Afrika Kusini kusaidia kutoa maiti. Vijana tulio nao hapa Kisumu ndio watakaoitwa siku nyingine, nao wataitwa ghafla, bila nafasi ya kwenda kwanza Birongo kutafuta bisibisi.

Kuna jambo jingine tulilolikuta njiani, ambalo si la vali lakini hatuwezi kulinyamazia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na kwenda Keroka barabara huzidi kupanda. Mtu aliyezamia mchana bado ana gesi katika damu na viungo vyake. Akipanda matatu jioni ile ile kwenda milimani, nguvu ya hewa hupungua, na gesi hiyo yaweza kutoa mapovu mwilini, yakamletea maumivu ya viungo au hata kupooza. Apumzike mpaka kesho yake. Wanaotunga zamu watunge wakijua hilo. Sasa yuko kijana anayeamka asubuhi na maumivu ya bega na kumlaumu kondakta kwa kumbana.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, humtaka mwenye mahali pa kazi kutoa mitambo na namna za kazi zilizo salama na kuzitunza. Haisemi azipeleke nyumbani kwa kibarua. Kifungu cha 14 chasema mfanyakazi aliye na sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Wala aliyeondoka kwa sababu hiyo asifukuzwe wala kuadhibiwa wakati jambo linapochunguzwa. Maneno haya yameandikwa tangu 2007 na kibarua mmoja kati ya wale watatu hakuwahi kuyasikia. Mwaka huo huo ilitungwa pia Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini, inayomweka mwajiri kuwa ndiye mwenye deni la fidia. Sasa mnaona ule mstari wa herufi ndogo unatafuta nini.

Halmashauri ya tawi imekutana na kukubaliana hivi. Regulata zote zirudi gatini, ziwekwe katika kabati lenye kufuli na hewa ya kutosha, kila moja na namba yake. Kila namba iwe na ukurasa wake katika daftari: siku iliyotumika, siku iliyooshwa, geji ilisema nini, nani aliipima, nani aliifungua. Kontrakta anunue geji, ambayo si kitu cha bei kubwa mbele ya siku moja ya meli kusimama. Nusu saa ya kuosha na kupima baada ya kazi ihesabiwe kuwa saa ya kazi na ilipwe hivyo, si posho. Regulata zipelekwe kwa fundi aliyefunzwa kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na kwa kuwa fundi wa namna hiyo ni shida kupatikana upande wetu wa nchi, twataka kijana mmoja au wawili wapelekwe pwani wakajifunze, warudi na cheti na vipuri halali. Tumeshasema mikono wanayo. Yule aliyeikaza springi Birongo tungempendekeza wa kwanza, kwa sababu baada ya kuiona ile sindano ikipanda hakula chakula chake cha jioni mpaka alipoelewa sababu yake.

Kuna mwanachama aliyesema mkutanoni kwamba tukidai sana, kontrakta atawaacha wote na kuleta wengine kutoka Mombasa. Hatuwezi kuahidi kwamba hatafanya hivyo. Lakini tumezungumza na wafanyakazi wa kule, nao wamesema hawatakubali kutia sahihi fomu kama ile.

Wale walioshatia sahihi wasione haya. Waje kwa karani wa tawi, naye atawaandikia barua ya kurasa moja ya kuifuta sahihi hiyo, bila malipo. Ambao hawajatia sahihi wazilete fomu zao kwa karani zikiwa tupu kabla ya saa kumi Ijumaa. Na regulata zilizo Birongo zije Jumatatu na matatu ya asubuhi, zikiwa zimefungwa vifuniko vya vumbi, na oringi za duka la mabomba ziletwe pia katika bahasha, maana tutazihitaji mezani tutakapokutana na kontrakta.